Mbolea na Askari wa Mkaratusi

"Mti wetu unaliwa!" alisema Rena, akiibwaga simu yake mezani.

Hakuna aliyeshtuka. Pale kijiweni, kwenye benchi la nje ya duka la mikate la Warralee, kitongoji kilicho pembeni ya Brisbane, Rena aliitwa Redio, na kila asubuhi aliwasha taarifa ya habari bila kuombwa. Wiki iliyopita alitangaza kwamba pai za nyama zinapigwa marufuku. Kumbe zilikuwa zimeisha tu.

"Unaliwa na nani?" aliuliza Sione, mdomo umejaa. Alikuwa Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, mwenye mabega ya mlango wa ghala, dereva wa gari la kusambaza mashuka ya hoteli, na jina lake la kijiweni lilikuwa Mlima. "Mimi msinihusishe. Nilikuwa hapa hapa, nakula pai."

"Vidudu, Mlima. Vidudu vinafyonza utomvu wa majani. Halmashauri inasema mkaratusi huu umekauka nusu, watakuja kuukata."

Wote watatu, mzee Nev akiwamo, waliinua macho. Kweli, matawi ya juu yalikuwa yamebaki kama vidole vya mchawi, na majani yaliyobaki yalikuwa na madoa meupe, kila doa kibanda cha kidudu. Bila mti ule, benchi lingebaki wazi, jua kali la Queensland liwachome kama mikate.

"Basi wapulizie dawa," alisema Nev.

Nev Pascoe walimwita Mbolea, kwanza kwa sababu aliuza mbolea maisha yake yote, pili kwa sababu kila alichosema kilinuka lakini kiliotesha mabishano.

"Subiri, habari haijaisha," alisema Rena. "Zamani vidudu hivi vililiwa na ndege wadogo. Ndege wadogo wamefukuzwa na askari."

Kila mtu pale aliwajua askari: ndege wa kijivu, mdomo wa njano, kelele za soko zima. Walitembea kwa magenge na kumshambulia yeyote.

"Hao!" Mlima alijishika utosi. "Juzi wamenidonoa hapa nikishusha mashuka. Mwili wote huu, nikakimbilia chini ya gari."

"Tulikuona. Ilibaki miguu nje," alisema Rena. "Sasa sikilizeni hapa. Askari wanalamba sukari ya vile vibanda, vidudu vyenyewe hawavimalizi, na ndege mwingine akisogea wanamtoa mbio. Na kilichowajaza mtaani ni nini? Nyasi zilizonyolewa, vichaka vilivyofyekwa, na grevilea za maua makubwa."

Halafu vichwa viwili vikageuka taratibu kumtazama Mbolea.

"Mnanitazamia nini? Grevilea ni mmea wa nchi hii! Sikuuleta kutoka Uingereza!"

"Wa nchi hii, ndiyo, lakini yako imetengenezwa kitaluni, inatoa asali Januari mpaka Desemba. Babu wee, umefungua baa isiyofungwa, halafu unashangaa mtaa umejaa wagomvi!"

"Na akatugawia miche mtaa mzima," alidakia Mlima. "Bure! Nikadhani ni ukarimu."

"Wewe nyamaza," Rena alimgeukia. "Nani aliyepiga mayowe kwamba kuna nyoka kichakani kwa Mbolea mpaka kikafyekwa chote?"

"Alikuwa nyoka!"

"Ulikuwa mpira wa maji, Mlima. Wa kijani. Una bomba mwishoni."

"Na wewe Redio je? Nani anawarushia askari maganda ya pai kila siku na kuwaita wanangu?"

Rena alikung'uta makombo ya pai mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza Redio kukosa mawimbi.

Nev hakucheka. Alikuwa anakizungusha kikombe chake kitupu. Kichaka kile kilikuwa cha mkewe, Glenys, kimejaa miiba na fujo, na ndani yake waliishi vijindege vya buluu vilivyomjia dirishani akiosha vyombo. Glenys alipofariki, Nev aliona aibu kwamba bustani ya marehemu imekaa kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Kelele za nyoka zikampa sababu, akaifyeka, akapanda maua mekundu, ndege wazidi. Na kweli walizidi. Mwaka mzima alijisifu kijiweni kwamba hakuna bustani yenye ndege kama yake.

"Nilidhani vile vya buluu vilimfuata yeye," alisema. "Kumbe niliviondoa mimi, tena kwa heshima zote."

Mlima akamsogezea nusu ya pai yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Una sepetu ngapi, mzee?" aliuliza.

Jumamosi waling'oa grevilea zote za Nev. Askari waliwashukia kama mvua ya mawe. Rena alivaa sufuria kichwani, Mlima alifanya kazi amejifunika shuka la hoteli, na majirani walitoka na viti kutazama. Kisha wakapanda miche ya miiba na majani yanayokwaruza, wakaacha nyasi ziote zitakavyo.

Mkaratusi haukupona. Ulikatwa majira ya baridi, na kijiwe kikahamia chini ya mwavuli wa duka la mikate, ambao ulitosha watu wawili na bega moja la Mlima. Bustani ya Nev ikawa aibu ya mtaa.

"Mbolea, jana mtu ameniuliza kama ile nyumba imetelekezwa," Rena alitangaza.

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema ndiyo, isipokuwa kuna mzee mmoja anaihami."

Miche ilikuwa imerefuka kupita uzio wakati Nev alipotokea kijiweni anakimbia, viatu vya ndani miguuni. Aliwavuta wote wawili kwa mikono mpaka kwake, ambako gari la Mlima lilikuwa limeegeshwa kando ya kichaka.

Kwenye kioo cha pembeni kilikaa kijindege cha buluu, kidogo kama kidole gumba, mkia juu. Kilimwona mwenzake kiooni, kikamrukia, kikamdonoa, kikarudi nyuma kikihema, kikamrukia tena.

Nev alikuwa amejishika mdomo. Machozi yalimtiririka naye hayapangusi.

"Adui yake ni nani?" alinong'ona Mlima.

"Yeye mwenyewe," alisema Rena.

Mlima alitafakari, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mpeni kiti. Huyo ni wa kijiweni kwetu."