Mzimu wa Bomba Lililopasuka

Jumatatu, 12 Mei 2025
Wiki ya sita. Watu wa maji walichimba shimo mbele ya nyumba yetu hapa Bongwe, wakaliona bomba lililopasuka, wakapiga picha, wakaenda zao. Sasa ni bwawa. Tunavukia ubao mmoja. Mama macho yamemfifia, na Ijumaa ana tarehe ya kutolewa mtoto wa jicho hospitalini Msambweni. Ameingoja mwaka mzima! Nimemwambia asijali, mwanawe Sanga yupo. Akaguna.

Jumanne, 13 Mei
Jirani Mulwa, yule wa duka la saruji na misumari, anazungusha barua ya malalamiko tutie sahihi. Barua! Sikutia. Barua huliwa na mende. Wakubwa hawaogopi barua, wanaogopa mizimu. Nimechana shuka yangu nyekundu, nikaifunga kwenye mti kando ya shimo, chini yake nazi, ubani na marashi kidogo, ionekane pana mzimu. Habari itamfikia chifu, chifu atapiga simu, mafundi watakuja mbio. Na Mulwa atanitambua.

Jumatano, 14 Mei
Imefana kupita kiasi. Kufikia adhuhuri mtaa mzima unapita pale miguu mitupu. Bi Kache wa nyumba ya pili ameongeza yai. Mama naye ameiamkia shuka yangu kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata.

Alhamisi, 15 Mei
Wamekuja! Gari, bomba jipya, mafundi wanne. Wameletwa na barua ya Mulwa, ole wangu. Msimamizi wao, Nzai, mtu wa Kinango, alipoiona shuka akarudi nyuma hatua tatu. Akauliza nani kaweka. Mimi natazama kucha zangu. Akasema yeye ana watoto, hatii jembe penye mzimu wa watu mpaka wazee wauombe ruhusa. Wakaondoka na bomba lao. Mulwa akaketi kizingitini, kichwa mikononi. Nilitaka kusema. Haki ya Mungu, mdomo niliufungua! Aibu ikaufunga.

Ijumaa, 16 Mei
Siku mbaya. Mama alivaa leso mpya ya kwendea hospitali. Mimi nilikuwa ndani natafuta kadi yake. Bi Kache anasema mama alifika kwenye ubao, akauona wekundu, akavua ndala, akasema hapiti mbele ya mzimu kama mtu asiye na adabu. Akazungukia upande wa pili, kwenye udongo uliolika na maji. Ukamegeka. Mulwa ndiye aliyejitosa kumtoa. Nyonga imevunjika. Daktari amesema jicho litasubiri mpaka mfupa uunge. Nimelia katika choo cha hospitali.

Jumapili, 18 Mei
Mama, kitandani hospitalini, hamlaumu mtu. Amenishika mkono, akasema mzimu umemkasirikia, niende nikamwombee radhi. Maneno ya kukiri nilikuwa nayo hapa kooni. Nikajibu, haya mama. Nikaenda, nikapiga magoti mbele ya shuka yangu mwenyewe, nikaomba radhi kwa sauti, majirani wananitazama. Machozi yalinitoka, tena ya kweli. Nilipoinua kichwa nikaona maji yamechimba mpaka chini ya nguzo ya stima. Inainamia chumba cha mama! Nimewapigia simu watu wa stima. Wiki ijayo, wanasema. Mulwa ameshatoa kalamu, anaandika barua nyingine. Masikini Mulwa, hajifunzi. Nimepekua sanduku. Ipo shuka moja nyeusi.