Ng'ombe Wote ni wa Mzee Katoo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Aibu! Chama chetu cha wafugaji kimechanja ng'ombe elfu sita, na rekodi zao ziko kwenye kompyuta iliyo Loitokitok. Sisi tuko Kitengela. Madam Ruth, mkubwa wetu, ametugawia nusu kwa nusu, mimi na Resian, tuandike kila ng'ombe "amechanjwa" kufikia Alhamisi. Asiyemaliza, kandarasi yake imeisha. Natuma ng'ombe mmoja, nangoja jibu, natuma mwingine. Hadi jioni, mia mbili. Resian alimaliza wake kabla ya chai ya saa nne. Nina wivu, sifichi.

Jumanne, 10 Juni
Nimegundua adui: umbali! Nimebeba laptopu hadi Kajiado mjini, nisogee karibu na Loitokitok. Nikaketi hotelini siku nzima. Ng'ombe mia moja na nane, chapati sita.

Jumatano, 11 Juni
Resian kanihurumia. Alisema nisitume mmoja mmoja. Niwafunge mia tano pamoja, safari moja, na nitaje namba ya kila ng'ombe. Nikamwambia nilijua. Mia tano tu? Mwoga huyo! Nimetuma wote kwa amri moja: "amechanjwa." Humo humo nikajaza jina la Mzee Katoo wa Rombo, ambaye ng'ombe wake hakuwa ameandikiwa jina la mwenye mali. Namba nimeziacha, mzigo uwe mwepesi. Sekunde nne! Nimetembea ofisini kifua mbele.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa. Kumbe amri isiyo na namba humgusa kila ng'ombe: wote elfu sita sasa ni wa Mzee Katoo. Hata wa mchungaji wa kanisa! Simu hazikatiki. Mzee mwenyewe alipiga, mpole kabisa. Alisema yeye ana ng'ombe mmoja, tena anachechemea, lakini tangu asubuhi majirani watatu wamekuja kuuliza kama mwanawe Emmanuel ameoa.
"Kijana," akaniambia, "usiwarudishe haraka. Ngoja mpaka Jumapili."
Resian aliwarudisha kabla ya saa sita, akamaliza na wangu. Nilitaka kulia.

Ijumaa, 13 Juni
Madam alikuwa ameshaandika barua ya kunifukuza. Resian akaniombea mwezi mmoja. Nimepewa mbuzi elfu mbili. Akanisihi tena: mia tano mia tano, na namba zao. Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini mia tano ni hesabu ya ng'ombe. Mbuzi ni wadogo. Nimewatuma wote pamoja, bila namba.
Sekunde mbili!