Sofa Moja kwa Mjusi Mmoja

Profesa alijipa jina hilo mwenyewe, kwa kuwa alisubiri miaka mingi watu wamwite hivyo na hakuna aliyejitolea. Elimu yake yote ilikuwa kwenye miwani isiyo na nguvu na shati moja la mikono mirefu, ambalo mara nyingi alilivaa likiwa bado bichi.

Wiki ile alikuwa na shida ya kweli, na shida ya kweli humchanganya tapeli aliyezoea za kubuni. Mama wa mchumba wake alikuwa anakuja Jumamosi jioni kukagua chumba. Profesa alishamwambia kwenye simu kwamba ana sofa ya kijani ya watu watatu. Alichokuwa nacho ni kigoda, nacho mguu wake mmoja, wa kushoto, ulikuwa wa kukisia tu.

Ijumaa alikuwa akipita nyuma ya maduka akitafuta uongo wa kuufunika ule wa kwanza, ndipo akamwona mjusi juu ya ukuta: kichwa chekundu kama nyanya, mwili wa buluu, anapiga pushapu juani bila aibu. Pembeni yake walikuwapo wengine wadogo, rangi ya vumbi. Profesa akasimama. Watu wametajirika kwa mambo ya kijinga kuliko hili, alijiambia, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mimi. Akaruka ukuta, suruali ikachanika, akatoka na mjusi ndani ya boksi la viatu.

Akazunguka mbele, akaingia duka la Mama Fanicha. Mama huyu alipenda kuwa na kitu ambacho mwingine hana, na dirishani kwake palikuwa na tangi la kioo ambalo samaki wake walishakufa zamani.

"Mama, leo nina habari nzito."

"Nzito kuliko ile sumaku ya kuvuta wateja?"

"Ile ilikuwa sayansi changa, mama." Akafunua boksi kidogo. "Huyu ni mjusi mfalme. Usije ukauziwa wa kawaida, maana wanafanana sana. Wa kawaida kichwa chake udongo mtupu, huyu mwekundu. Mwili wa yule vumbi, wa huyu buluu. Na mkia, ona hizo pete nyeupe. Yule hana."

"Kwa hiyo tofauti ni rangi tu."

"Rangi, mama. Ndiyo elimu yenyewe."

Mama Fanicha alimtazama mjusi kwa muda, hasa miguu. Alipoambiwa kwamba bei ni sofa ya kijani ya watu watatu iliyokuwa pale dukani, hakushtuka.

"Alale hapa kwanza. Kesho akiamka hivihivi, sofa yako."

Asubuhi boksi lilifunguliwa mbele ya Profesa mwenyewe. Ndani alikaa mjusi wa rangi ya vumbi, kuanzia puani hadi mkiani.

"Mama, naapa nilikupa mwekundu."

"Kichwa udongo. Mwili vumbi. Mkia hauna pete. Mwalimu, nimefaulu au sijafaulu?"

Hapo ndipo balaa lilipomfika. Profesa alikuwa anasema kweli, na hakuwa na mazoezi. Uongo wake siku zote ulitoka laini. Ukweli ulimtoka vipandevipande, akagugumiza, akatokwa jasho, akatazama chini. Ningekuwa mimi ndiye huyu mama, aliwaza, nisingeniamini hata kidogo.

"Chagua," alisema Mama Fanicha akimhamishia mjusi kwenye tangi. "Nipige yowe la mwizi, au unipelekee mzigo mmoja kwa mteja."

Mzigo wenyewe ulikuwa ile sofa ya kijani. Profesa alikuwa anaifunga kwenye mkokoteni jua lilipoingia dirishani. Ndani ya tangi mjusi akapanda juu ya jiwe, akajinyoosha. Kichwa kikaanza kuiva, mgongo ukaingia buluu, pete zikajitokeza moja moja mkiani. Kisha akapiga pushapu ya kwanza.

"Mama," Profesa alisema, kamba mkononi. "Mwekundu."

"Ndiye yeye tangu jana. Dume hilo. Akipata baridi au hofu anakuwa udongo, akiota jua anajipamba. Hao unaowaita wa kawaida wengi ni wake zake."

"Umejuaje?"

"Kila asubuhi nikifungua mlango wa nyuma nawakuta wote udongo. Saa nne huyu keshakuwa bwana harusi. Tazama mguu wa nyuma wa kushoto, kidole kimoja hakipo. Kilibanwa na mlango wangu. Rangi inakuja na kuondoka, Profesa. Kidole hakirudi."

"Mlango wako?"

"Mlango wangu, ukuta wangu, mjusi wangu. Umekuja kuniuzia mjusi wangu. Na kipande cha suruali yako ninacho hapa. Haya, kaza kamba."

Profesa alisukuma mkokoteni kwenye kilima, akimhurumia mjinga aliyekuwa anausukuma. Kwenye geti la njano alilotajiwa akagonga. Aliyefungua alikuwa mama wa mchumba wake, aliyemjua kwa picha tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamkagua: miwani iliyopinda, suruali iliyochanika, jasho. "Sauti hii naijua. Si wewe yule Profesa wa kwenye simu?"

Uongo mzuri wa aina tatu hivi ulimjia papo hapo, mmoja ukiwa na ndugu pacha ndani yake. Lakini pumzi ya kuusema ilikuwa imebaki kule kilimani.

"Ndiye mimi, mama. Na ile sofa ya kwenye simu ndiyo hii. Ni yako."

Mama akaikalia palepale juu ya mkokoteni, akaipapasa, akamtazama tena Profesa.

"Nilikuwa na hofu mwanangu kapata tapeli," alisema. "Ila tapeli hatoki jasho namna hii. Haya, ingiza ndani. Na hiyo jioni nikija kwako, nitakaa wapi?"

"Kwenye kigoda, mama," alisema Profesa. "Ila usiegemee upande wa kushoto."