Mkarimu wa Ghala la Mbolea

Mwaka ule serikali ilipokuwa inauza mashirika yake, na kila mwenye suti akijiita mwekezaji, Ackson aliona tangazo kwenye ubao wa posta ya Tukuyu. Alilisoma mara mbili, njaa ikamshika. Kampuni mpya ya chai ilitaka mtunza ghala la mbolea. Ackson hakuwa na haja na mshahara, alitaka funguo. Mwenye funguo, alijiambia, mbolea humfuata nyumbani yenyewe, ikapumzika kidogo kabla ya kuteremka kwa wateja wa Kyela.

Mwombaji alitakiwa kuleta barua tatu: ya mwajiri wa zamani, kueleza kazi aliyoifanya, ya serikali ya kijiji, kuthibitisha makazi, na ya kiongozi wa dini, kueleza tabia. Hiyo ya tatu ifungwe na aliyeiandika, mwombaji asiifungue. Watu wa kawaida hapo huanza kuzunguka vijijini wakipiga hodi. Ackson alikuwa na taipureta, na mihuri aliyoichonga kwa soli za kandambili.

Akaweka meza nyuma ya soko, akawauzia barua waombaji wengine pia. Tusimhukumu haraka, biashara huria ilikwisha kuruhusiwa. Ubaya wake ulikuwa kwenye barua ya tatu. Kwa kuwa mteja haifungui, Ackson alimchafua kila mmoja humo ndani ili siku ya usaili abaki yeye peke yake: huyu mlevi, yule mwizi wa kuku wa kanisa.

Siku ya mwisho akaja Tusekile wa Lufingo, ambaye mchungaji wake alikuwa amesafiri kwenda mkutanoni Mbeya. Alibishana bei tangu asubuhi mpaka wauza ndizi wakaenda kula cha mchana. Akalipa nusu, akadai bahasha iwe ya bure, na aliporudi jioni kuchukua barua zake akaondoka na kalamu ya Ackson, akisema imo kwenye bei. Lakini Ackson alikuwa amekwisha kulipa kisasi. Aliandika kwamba dada huyu ni mchoyo kupindukia, hata mjomba wake hutoka kwake mikono mitupu. Ilikuwa barua pekee ya kweli aliyowahi kuandika, nayo ilimtoka bila kufuta neno.

Ya kwake akaipamba. Mchungaji wa usharika ambao haujajengwa mpaka leo alishuhudia kwamba Ackson ni mkarimu, hajui kusema hapana, na hakuna jirani aliyemwomba kitu akakosa. Kwa sifa hizo watu huchaguliwa wazee wa kanisa. Ackson aliisoma, machozi yakamlengalenga.

Siku ya usaili, Mama Doreen wa kampuni alizifungua bahasha mbele ya wote. Walevi na wezi wa kuku wakatolewa mmoja mmoja, wakimkodolea Ackson macho. Hakuna aliyeweza kulalamika, maana angeulizwa barua kaipata wapi. Wakabaki wawili. Mama Doreen akaisoma ya Tusekile kwa sauti, akauliza kama ni kweli.

Tusekile alimtazama Ackson, akaelewa yote.

"Kweli tupu, mama," alisema. "Mjomba alikuja mara tatu wiki iliyopita. Nilimpa maji."

Mama Doreen akavua miwani. Akaeleza kwamba mtunza ghala aliyepita alikuwa mwema mno. Kila shemeji aliyekuja kumsalimia aliondoka na mfuko begani, mpaka ghala likabaki na panya. Akamsukumia Tusekile funguo. Ackson aliziona zikipita mbele yake, roho ikamuuma kwelikweli.

"Wewe usiondoke, kijana," Mama Doreen akamwambia. "Mkarimu kama wewe tunamhitaji. Hatuna wa kuwapikia wageni chai."

Ackson akachungulia dirishani. Walevi na wezi wa kuku walikuwa wamekaa getini, fimbo mapajani, wakimsubiri. Akasema anashukuru sana, anaanza leo. Alijipa moyo kwamba jiko na ghala vimetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Hakujua kwamba sukari nayo hutunzwa ghalani. Kila asubuhi husimama mlangoni na bakuli, Tusekile akampimia vijiko sita, akavisawazisha kwa kidole, akamfungulia daftari. Ackson husaini kwa kalamu yake mwenyewe, kisha huirudisha.