Mpango wa Kumnunulia Mama Kirikuu

Jumatano, 7 Januari

Mama amerudi kutoka mjini akajilaza na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Presha imepanda. Dalali Yiamat amemzungusha tangu asubuhi kutafuta kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Kila walipofika, wanaambiwa kuna mteja mwingine anakuja saa nane na hela mkononi. Gari la tatu lilikuwa limepakwa rangi asubuhi hiyo hiyo. Mama amerudi na kiganja cha bluu!

Na gari lazima lipatikane. Jumatatu ya tarehe 19 Mama anaanza kupeleka maziwa kwenye shule moja ya bweni Maji ya Chai, lita themanini kila asubuhi. Bodaboda haiwezi. Mama asipofika, kazi inaenda kwa Mama Agnela, jirani yetu hapa Kimandolu, ambaye ana gari aina ya Noah na anapenda kuipigia honi akipita getini kwetu.

Nimemaliza kidato cha nne. Nasubiri matokeo, sina kazi. Nimechukua daftari la Kemia, kurasa nyingi zilibaki wazi, nikaandika juu: MPANGO. Watu wananunua gari kwa presha kwa sababu hawana mpango. Sisi sasa tunao.

Alhamisi, 8 Januari

Kanuni ya kwanza nimeigundua mwenyewe: usimsalimie muuzaji kabla ya bei. Nimemchunguza Mama. Akifika mahali ni shikamoo, habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, mvua zilinyesha? Mtu akishakuuliza hali ya ng'ombe wako, utamwambiaje gia zake mbovu?

Tumeenda Themi kwa mzee Ephraimu, mstaafu, tunasali naye kanisa moja. Anauza kirikuu chake cheupe. Kizuri! Tulikubaliana mimi ndiye niongee. Niliingia getini, sikumsalimia, nikafungua mdomo nitaje bei.

Hakikutoka kitu.

Nilisimama hivyo hivyo mpaka mzee akamuuliza Mama kama mtoto anaumwa. Mke wake akaniletea maji. Mama akasalimia mara mbili, mara moja kwa niaba yangu, akaomba radhi kwa malezi yake. Mzee akataja milioni tisa na nusu. Mama ana tisa kamili, na zote ni za chama cha kuweka na kukopa. Lakini njiani amesema kwa aibu ile asingeweza kuomba apunguziwe hata shilingi. Hataki kurudi pale tena.

Kanuni yenyewe ni nzuri. Ilikosa msemaji tu.

Jumamosi, 10 Januari

Lucky amekuja. Ni mtoto wa mama mkubwa, ana leseni, na kwa kuwa huosha magari ya watalii anajiona fundi. Habari za Themi alikuwa nazo tayari. Amesimama katikati ya sebule akaniigiza, mdomo wazi, macho yametoka. Mama alicheka mpaka kitambaa kikaanguka.

Nilikuwa na jibu kali sana. Nimelipata baada ya yeye kuondoka. Naliandika hapa: wewe pia!

Jumapili, 11 Januari

Nimepata! Nimepata nikiwa kanisani!

Kila Jumapili baada ya ibada kuna mnada uani. Watu wakileta sadaka za mayai, ndizi au kuku, mzee wa kanisa Koikai anazinadi. Leo nimetazama kwa jicho la kitaalamu. Hakuna dalali. Hakuna uongo, nani atadanganya mbele ya mchungaji? Bei inatajwa wote wakisikia. Jogoo mmoja ameuzwa elfu themanini ndani ya dakika mbili! Hakuna aliyegombana. Mnunuzi alitabasamu, akamkabidhi mchungaji jogoo yule yule kama zawadi, watu wakaimba.

Utulivu ulioje. Gari linunuliwe hivyo.

Jumanne, 13 Januari

Kuongea siwezi, lakini kuandika naweza. Nimemwandikia mzee Ephraimu barua rasmi kama tulivyofundishwa: anwani mbili, tarehe, Yah: OMBI LA KUNADI GARI LAKO KANISANI. Nimependekeza bei ianzie milioni sita, na sehemu ya kumi iende kwenye paa la kanisa. Wako mtiifu, Silantoi. Nimeipitisha chini ya geti nikakimbia. Mbwa wao alinisindikiza hadi barabarani.

Lucky amesema mimi ni kituko. Eti kwenye mnada wa kanisa bei haishuki, inapanda, maana ni sadaka na mtu anaona aibu kununua rahisi. Eti hajawahi kuona mtu akishangiliwa kwa kupata yai la bei poa. Ana wivu. Hajawahi kuandika barua rasmi maishani mwake.

Alhamisi, 15 Januari

Amekubali! Mzee Ephraimu amempigia simu Mama. Amesema tangu astaafu hajaletewa barua ya heshima kama ile. Amemsomea mke wake mara mbili. Mzee Koikai ameshaambiwa na mchungaji amefurahi mno.

Mama hakufurahi. Ameniuliza, polepole, ni lini yeye alinituma. Kisha amesema kukataa sasa ni kumwaibisha mzee mara ya pili, kwa hiyo twende, na mwisho wetu ni milioni tisa.

Nimeandaa ulinzi. Mama atasimama mbele, mimi nyuma. Bei ikikaribia tisa nitainua leso nyeupe, maana yake: Mama, acha! Watu wasijue tuko pamoja. Hata Mama sijamwelekeza mengi, nimemwambia tu ageuke nyuma mara kwa mara.

Jumapili, 18 Januari

Naandika nikiwa mtulivu.

Baada ya ibada kirikuu kilisimama uani kimefungwa utepe. Mzee Koikai alianzia sita. Mama sita na nusu. Mama Agnela, ambaye ana Noah, anataka kirikuu cha nini? Saba! Watu wakapiga makofi. Mama saba na nusu. Mama Agnela akaangalia pochi yake, akaifunga. Tulikuwa tumeshinda! Ila mzee Koikai hakumaliza. Akasema paa linavuja, Bwana anatazama, kweli gari zima kwa saba na nusu? Mama akaona haya, akajiongezea mwenyewe: nane.

Hapo nikainua leso.

Mzee Koikai akapaza sauti: "Nane na nusu! Yule binti wa nyuma! Ubarikiwe, binti!"

Watu wote wakasema amina. Mama hakugeuka. Hakugeuka hata mara moja! Alisema tisa. Nikaipunga leso kwa nguvu, acha, Mama, acha. Tisa na nusu! Vigelegele. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni mimi. Hakikutoka kitu. Na Mama, ambaye alikuwa ameapa kutozidi tisa, nikaona mabega yake yanapanda kama anapobishana na wauza pumba. Kumi! Jasho lilinitiririka usoni.

Nikalifuta. Kwa leso.

Kumi na nusu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipelekwa mbele. Mama alipoona ni nani alikuwa akishindana naye, alikaa kwenye tairi la mbele la kirikuu. Lucky alilazimika kwenda nyuma ya ofisi ya usharika kucheka.

Neno la mnada ni kama nadhiri, halirudishwi. Hela ilipungua milioni moja na nusu. Nikamvuta mzee Ephraimu shati, nikanong'ona. Nilimpa mtamba wangu, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, yule niliyepewa na koko, bibi yangu, nilipomaliza shule. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Niliitikia kwa kichwa. Akakubali.

Gari limenunuliwa kwa dakika saba. Bila dalali.

Jumatatu, 19 Januari

Saa kumi na mbili na dakika arobaini tulikuwa Maji ya Chai! Lucky akiendesha, Mama katikati, mimi dirishani, lita themanini nyuma. Mpishi mkuu alipima, akaonja, akamwambia Mama: mama yangu, kesho tena. Mama alisema asante. Halafu akanishika goti.

Lucky amesema matairi yote manne yamekwisha, yanang'aa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

Jumatano, 21 Januari

Mzee Ephraimu amekuja kumchukua mtamba. Nilimlisha majani ya mwisho na kumfungua kamba mwenyewe. Nililia kidogo, upande wa pili wa banda.

Kwenye chai, mzee amecheka akasema Alhamisi ile tulipoenda kwake alikuwa anasubiri tu Mama aombe apunguziwe. Milioni nane na nusu angempa, na ndoo ya parachichi juu. Kikombe cha Mama kilisimama hewani. Amenitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba nikiandika tena barua kwa mtu yeyote, daftari la Kemia atalitia motoni.

Nimekaa nikachambua kwa haki kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Siku! Jumapili ya kawaida watu wana njaa, wanataka kurudi nyumbani, hawafikirii vizuri. Pasaka kanisa linajaa hadi nje, watu wana furaha, na mwenye furaha hana uchoyo. Watatuachia kwa bei nzuri kabisa.

Kuna muuza matairi anaimba besi kwenye kwaya. Nimeanza: Yah: OMBI LA KUNADI MATAIRI MANNE SIKU YA PASAKA. Safari hii nitasimama mbele kabisa, mzee Koikai anione vizuri.