Talaka Juu ya Sinia

Ting! Kisha ting! tena, halafu ting-ting-ting mfululizo, kama kengele ya shingoni mwa ngamia aliyeingiwa na wazimu. Chumba kilikuwa bado kiza na macho ya Mowlid yalikuwa bado yamefumbwa, lakini mkono wake ulikwisha kuingia chini ya mto kutafuta simu. Mkono ule ulijua riziki yake inapolilia.

Ilikuwa Jumapili. Na Jumapili ya Mowlid, wacha nikwambie, ilikuwa na shughuli kuliko ya padri. Asubuhi alikunywa chai na maini pamoja na kundi la waliosoma naye, ingawa shule hiyo aliijua kwa kupita nje ya ua wake. Adhuhuri alikula wali na kundi la pili, na alasiri alimalizia na maziwa ya ngamia ya kundi la tatu. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi aliendesha pikipiki ya kubeba abiria, mali yake peke yake duniani, na alikula mkate mkavu kwa subira ya mtu anayejua Jumapili inakuja.

Kundi lake kubwa la kwenye simu, ambalo yeye mwenyewe alikuwa msimamizi wake, liliitwa Jumapili ya Ndugu. Lilikuwa na ndugu tisini na wanne, wa Garissa, Wajir na Mandera, waliopendana sana mradi wasionane. Kila alfajiri walitumiana maua na dua zenye kumetameta. Mmoja wao alipofiwa na baba alitumiwa picha themanini za mikono inayoomba. Kaburini walifika watatu, na mmoja wa hao alikuwa mchimbaji. Lakini sinia likitandikwa, Mungu akusitiri, utawaona! Mowlid aliwaita kwa shairi, kwa kuwa tapeli asiye na shairi ni mwizi tu:

*Jumapili imefika, ndugu zangu tukutane,*
*pilau imepikika, na nyama tugawiane.*

Wakaja, wakala, na Mowlid hakuwahi kulipa hata ndizi iliyowekwa pembeni ya wali.

Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwanamume wa mji huu wa Garissa akiacha mwenzake alipe bili bila vita, ni heri angekula nje na paka. Kwa hiyo Mowlid ndiye aliyeanza vita. Bili ikitokea mlangoni tu, yeye huruka: “Wallahi, leo nalipa mimi!” Mwingine humshika kiwiko, mwingine humvuta shati, vikombe hupinduka. Mwishoni mmoja mwenye damu moto hufyatua mzinga: “Talaka tatu! Mke wangu si mke wangu kama utalipa wewe!”

Hapo Mowlid hulegea kama kamba iliyonyeshewa. Huweka mkono kifuani, huinamisha kichwa, na husema kwa sauti ya matangani, “Basi lipa, walaal, ndugu yangu. Siwezi kuvunja nyumba ya mtu kwa ajili ya wali.”

Masheikh wamekikemea kiapo hicho mpaka koo zimewakauka. Wapi! Mtu anamwogopa mkewe jikoni, kisha akifika hotelini anamtaja kama mfuko wa saruji. Katika mwaka mmoja Mowlid alikuwa ameokoa ndoa thelathini na moja, na kumi na moja kati ya hizo zilikuwa ndoa moja, ya Abdihafid, muuza saruji na mabati wa mtaa wa Iftin, aliyekuwa mwepesi wa talaka kuliko wa zaka.

Sasa ile ting ya alfajiri. Ilitoka kwa mgeni aliyejiunga na kundi usiku uliotangulia: Barre, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Kutulo. Aliandika kwamba ameuza ngamia wake sokoni Garissa, amefungua duka la jumla mtaa wa Waberi, na anatafuta mtu wa kumkabidhi funguo. “Nataka kula nanyi leo,” alimaliza, “nione mikono ya watu.”

Usingizi ulimtoka Mowlid kama mwizi aliyemulikwa. Akapiga simu palepale.

“Adeer Barre, ami yangu, assalamu alaikum. Mtu unayemtafuta ndiye mimi.”

“Wa alaikum salaam. Mkono wako ukoje?” Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuita mifugo kutoka mbali.

“Uko wazi, adeer. Uliza kundi zima. Kila Jumapili mimi ndiye wa kwanza kuishika bili.”

“Nimesikia. Na mke unaye? Kapera simpi duka langu. Kapera hula duka kisha akala na rafu.”

Mowlid aliangalia chumba chake: godoro, ndoo, jozi moja ya viatu. “Ninaye, adeer. Yuko hapa anakanda unga. Anakusalimu.”

“Msalimu. Tutaonana adhuhuri. Mtu mwenye mkono wazi zaidi leo, yeye ndiye ataondoka na funguo.”

Mowlid alikaa kwenye godoro akacheka peke yake. Duka la jumla! Mchele hadi darini, sukari, mafuta. Kwaheri pikipiki, kwaheri vumbi. Alichohitaji ni kupigania bili kwa ukali kuliko siku zote, na kushindwa kwa heshima kuliko siku zote. Tajiri wa ngamia atakubali kulipiwa na mwendesha pikipiki? Hata kwenye ndoto haijatokea.

Walikutana kwa Shamis. Shamis alikuwa mjane mwenye hoteli mbele na jiko la moshi nyuma, na alikuwa na mapatano na Mowlid: kila akileta meza iliyojaa, huondoka na paja la mbuzi lililofungwa kwenye foili. Siku hiyo watu walikuwa kumi na tisa. Masinia yalishuka mezani, wali umepanda kama kichuguu, mbuzi wawili wamelazwa juu yake. Simu kumi na tisa zikatoka kupiga picha, na bismillahi ikasemwa baada ya picha.

Barre aliketi katikati. Ndevu zake zilikuwa nyekundu kwa hina, shali begani, bakora mapajani. Alikula kwa utulivu wa kutisha. Mkono wake haukuwa na haraka, na kila ulipopita, mfupa ulibaki mweupe.

“Huyu kijana,” alisema, akimwelekeza Mowlid kwa mfupa, “asubuhi alinipigia huku mkewe anakanda unga. Mtu mwenye nyumba husikika hata kwenye simu.”

“Mowlid ana mke?” Abdihafid aliuliza, wali mdomoni.

“Wewe ulidhani navaa shati hili nikijifulia?” Mowlid alijibu upesi. Watu wakacheka, na likapita.

Chai ilipomalizika, Shamis akatokea na kikaratasi. Mowlid aliruka juu kama aliyekalia moto.

“Wallahi, leo nalipa mimi!”

“Kaa chini, kijana,” Barre akasema. “Wallahi nalipa mimi.”

“Adeer, mgeni halipi Garissa! Wallahi, billahi, tallahi!”

Walishikana mikono. Bakora ilianguka, kiti kikapinduka, wahudumu wakaondoa vikombe kwa uzoefu. Abdihafid naye damu ilimpanda. Alisimama, akajaza kifua, akafungua kinywa: “Tala—”

Na hapa ndipo tamaa ilipomtia Mowlid upofu. Alimziba Abdihafid mdomo kwa kiganja, kwa kuwa siku hiyo hakutaka ushujaa wa mtu mwingine umfunike mbele ya funguo za Waberi. Alimziba mwokozi wake wa mara kumi na moja, akamkalisha chini.

Barre alimwachia mkono. Akamtazama kwa jicho la mtu anayekagua meno ya ngamia.

“Wallahi hata watoto wanayo,” akasema polepole. “Nilidhani nimepata mwanamume wa duka. Kumbe maneno tu.”

Akageuka kidogo, kama anayetafuta uso mwingine mezani.

Mowlid alifikiri kwa kasi ya simu yenye chaji kamili. Talaka ya kapera ni bunduki bila risasi. Piga utakavyo, hafi mtu. Na Barre, mwenye wake watatu kama alivyotangaza kati ya tonge na tonge, atajibu kwa talaka tisa, na hapo kijana atalegea, atainama, na funguo zitashuka mkononi.

“Talaka tatu!” akanguruma hadi paka wa Shamis akatoka jikoni. “Mke wangu si mke wangu kama leo utalipa wewe, Barre, au mtu yeyote wa meza hii!”

Watu wote wakamgeukia Barre. Nzi pekee ndiye aliyeendelea na kazi.

Barre aliokota bakora yake. Akaweka mkono kifuani. Akainamisha kichwa. Na kwa sauti ya matangani, sauti ambayo Mowlid aliijua kama anavyojua kikohozi chake, akasema:

“Basi lipa, mwanangu. Siwezi kuvunja nyumba ya mtu kwa ajili ya wali.”

Watu walipiga meza kwa furaha. “Mwanamume!” “Simba!” Simu zikainuliwa, uso wa Mowlid ukapigwa picha na video pande zote, na dakika hiyohiyo ulikuwa umefika Mandera.

“Abdihafid,” Mowlid alinong'ona, “walaal, leo huna neno?”

“Neno gani? Nikikulipia, mkeo kaachika. Mimi si mvunja nyumba.”

Angeweza kusema, Jamaa, mke sina. Maneno matatu tu. Lakini yangetoka hayo, yangeondoka na duka na kundi, na zingedaiwa Jumapili zote thelathini na moja zilizokwisha kuliwa. Akayameza, na yalikuwa makavu kuliko mkate wa Jumatatu.

Shamis alimvuta pembeni, kiganja mbele.

“Simu yako ina shilingi ngapi?”

“Ina marafiki tisini na wanne.”

“Marafiki hawawashi moto. Lete ufunguo wa pikipiki, ukileta pesa yangu utaipata.”

“Shamis, abaayo, dada yangu, mimi ninayekuletea watu kila wiki...”

“Watu wa leo umeleta wewe? Yule mzee ameniambia amewaleta yeye, kwa tangazo lake. Nimempa paja.”

Mowlid aligeuka. Kiti cha Barre kilikuwa kitupu. Walisema ameenda kuchukua funguo za duka kwenye gari. Ting! ikalia simu mkononi mwake. *Barre aliondoka kwenye kundi.*

Alifungua kundi lingine, la Wajir. Akaipata picha ya Jumapili iliyopita: sinia kama lile, ndevu zilezile za hina, jina tofauti. Chini yake mtu ameandika: *Karibu mgeni wetu wa Moyale, anayetafuta kijana mkarimu wa kumkabidhi kituo cha mafuta.*

Akaweka ufunguo wa pikipiki kwenye kiganja cha Shamis. Tapeli akitapeliwa hana pa kushtaki. Hata Mungu anamwonea haya kumwita.

Alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni ili apotee kwa miguu, bajaji ilipofunga breki mbele yake. Wakashuka wanawake watatu, na wa mbele alikuwa Idman, mke wa Abdihafid, mwanamke mpana, simu mkononi kama mtu aliyeshika hati ya kukamatia. Abdihafid alimwona akajaribu kujificha nyuma ya jagi.

“Keti wima, baba watoto,” Idman alisema. “Leo sikuja kwako. Wewe umeniacha mara kumi na moja katika hoteli hii. Kila mara nilikuwa nyumbani nakunja nguo za watoto, sina habari kwamba nimewekwa mezani pembeni ya ndimu.” Akatazama meza nzima. “Na ninyi wote. Wake zenu mnawathamini kiasi gani? Kwa sahani? Kwa kilo?”

Wanaume kumi na saba waligundua ghafla kwamba simu zao zina mambo ya maana.

Idman alimgeukia Mowlid, na uso ukalainika, na huo ulainifu ndio uliomuumiza.

“Video yako nimeiona kwenye simu ya jirani. Wote huapa ili wasipoteze heshima. Wewe, nimeiona ikikokotwa sasa hivi, umetoa pikipiki, riziki yako, usimpoteze mke. Anaitwa nani?”

“Ugbad,” Mowlid alisema. Lilikuwa jina la kwanza kupita.

“Ugbad. Mungu amhifadhi. Nataka nimwone kwa macho yangu, na hawa wenzangu wanataka. Jumapili ijayo, baada ya adhuhuri, wanawake wa meza hii tunakuja kwako na zawadi. Hatutaki hoteli, tutakula naye nyumbani. Na waume zetu watakuja kubeba masufuria, wajifunze.” Akamsogelea. “Atakuwepo?”

Mowlid alitazama nyuma ya hoteli, ambako mhudumu alikuwa tayari anaikokota pikipiki kuiingiza uani. Akatazama wale wanaume kumi na saba, waliomngoja kwa kiburi cha watu wenye shujaa wao. Barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa ndefu, na viatu vyake, sasa aliviona, vilikuwa vimechukuliwa na mtu aliyetoka mapema.

Akaweka mkono kifuani. Kichwa safari hii hakikuinama.

“Nakuahidi, eedo, shangazi yangu,” akasema kwa sauti kubwa, hoteli nzima ikisikia. “Jumapili ijayo mtamkuta Ugbad mlangoni, na wali wake juu ya moto.”