Exhaust Yangu Ilivyonitambulisha kwa Wakwe

Wasee, leo nimeaibika hadi masikio yakawa moto.

Jana Kim, fundi wangu wa Kamenu, alinimalizia ile kazi. Silencer, ile ya kupunguza kelele kwa bomba la moshi, akaitoa yote. Wastegate, kile kimlango cha kupunguza presha ya turbo ikizidi, akaielekeza nje moja kwa moja. Nikikanyaga mafuta, gari inapiga nduru. Nikiachilia, pa! pa! pa! Utamu!

Leo mchana nikatoka Ruiru kwenda Ngoingwa kusalimia wazazi wa Wanjiru, mchumba wangu. Mara ya kwanza kabisa. Suti, mkate, sukari na maua (maua! mimi!).

Mwenye akili angeingia polepole. Mimi nikataka wakwe wajue mwanaume amefika. Kona ya mwisho nikakanyaga. Nduru! Kwa gate nikaachilia. PA! PA! PA!

Ndani nikasikia ndoo ikiruka. Ng'ombe akatoka mbio na kamba shingoni, akapita kando yangu, akaingia kwa mahindi ya jirani. Nyuma yake akaja Mama Wanjiru, maziwa yanamtiririka kutoka kitambaa cha kichwa hadi gumboots.

"Ni wewe Brian?"

"Ni mimi, mama. Habari ya leo?"

(Habari ya leo! Kwani sikuwa naiona?)

Nikafukuza ng'ombe nikiwa na suti dakika ishirini. Kurudi, nikapata Baba Wanjiru, dereva wa lori mstaafu, amelala chini ya gari yangu. Akatoka na uso wa huruma.

"Pole sana, kijana. Exhaust imekatika. Ulikuwa unajua?"

Hapo ndipo ningesema ukweli.

"Ai! Imekatika? Hata sikujua!"

Mzee akaleta waya na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Akalala chini tena, na mgongo unamuuma, akafunga mkebe kwa bomba nusu saa nzima. Mimi nimeshika tochi: "Asante baba. Mungu akubariki."

Wanjiru akaleta chai (ya rangi, mnajua kwa nini). Akaona mkebe.

"Baba, unafunga nini? Si Brian ndiye alitaka iwe hivyo? Tangu jana amenitumia video kumi!"

Mzee akaangalia mkebe. Akaniangalia mimi.

"Kwa hivyo ulilipa mtu akuharibie gari?"

"Ndio, baba."

Mama ndiye alianza kucheka, hadi akashika ukuta. Mzee akafuata. Nimeruhusiwa kurudi Jumapili. Kwa miguu.

Na wewe unayecheka hapo, hebu kwanza tuambie wewe ulifika kwa wakwe aje.